Jino la Mtoto wa Kijijini Nalo Lizibwe

Ipo kasumba iliyokaa vichwani mwa wasomi wengi, nayo ni kuamini kwamba jino bovu haliwezi kuzibwa pasipo umeme na mashine za hospitali kubwa. Kwa kasumba hiyo, jino la mtoto wa mjini huzibwa, na la mtoto wa kijijini hungojewa mpaka ling'olewe.

Ukweli ni kwamba kasumba hiyo ilivunjwa hapa hapa nchini. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Mholanzi Jo Frencken, walianza kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu. Sehemu iliyooza hukwanguliwa, kisha tundu hujazwa saruji maalumu inayonata kwenye jino na kutoa madini ya floraidi. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Tarehe 7 Aprili 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangazia dunia njia hiyo, na mwaka 2021 likaiingiza saruji yenyewe katika orodha ya dawa muhimu.

Basi mzazi wa Magindu, wilayani Kibaha, hastahili kuambiwa kwamba tundu dogo la jino la mwanawe lazima lisafirishwe hadi Tumbi. Tabibu wa meno mwenye mkoba wa vifaa anaweza kuifanya kazi hiyo darasani, juu ya dawati.

Wapo wanaodai kwamba meno ya utoto hayana thamani kwa kuwa yatang'oka yenyewe. Hoja hiyo ni ya kivivu. Magego ya utoto hukaa kinywani hadi mtoto afikie miaka 10 au 12, na usaha wake huweza kulidhuru jino linalokuja chini yake. Tena gego la kwanza la ukubwani huota kwenye umri wa miaka 6, nyuma ya yale ya utoto. Wazazi wengi hulidhania kuwa la utoto, nalo likipotea halina badala.

Ni kweli kwamba jino lililooza hadi ndani kabisa haliokolewi kwa njia hii. Ndiyo sababu kuchelewa ni kosa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilidhihirisha kwamba wananchi wakielimishwa hujikinga. Mwalimu hana budi kukagua vinywa vya wanafunzi na kuhimiza mswaki na dawa yenye floraidi mara mbili kwa siku. Mtumishi wa halmashauri naye hana budi kuitengea saruji hiyo fungu katika bajeti, badala ya kungoja mashine.

Mtoto aliyekesha akilia jino hafuati somo la hesabu asubuhi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.