Kwa nini viwanda hukwama vinapobadili mifumo ya kompyuta

JUMANNE ya Agosti 29, 2023, viwanda vyote 14 vya kuunganisha magari vya kampuni ya Toyota nchini Japan vilisimama. Hakukuwa na mgomo wala tetemeko la ardhi. Mitambo ilikuwa mizima na wafanyakazi walikuwapo. Kilichokosekana ni uwezo wa kuagiza vipuri, kwani programu ya kompyuta inayofanya kazi hiyo ilikuwa imegoma.

Wengi walidhani ni wahalifu wa mtandao, hasa kwa kuwa Machi 2022 viwanda hivyo hivyo vilisimama kwa siku moja baada ya kompyuta za kampuni inayoiuzia Toyota vipuri kuvamiwa. Wiki moja baadaye Toyota ilitoa maelezo yaliyowashangaza watu. Agosti 27 kulikuwa na matengenezo ya kawaida ya mfumo, na wakati taarifa zikifutwa na kupangwa upya, nafasi ya kuhifadhia kwenye diski ilijaa. Seva za akiba zilikuwa zikiendeshwa na mfumo ule ule, kwa hiyo zilikwama pamoja na zile za kwanza.

Uzalishaji ulirejea siku iliyofuata. Lakini kwa siku hiyo moja kila mtu aliona kwamba kiwanda cha leo kinaweza kuzimwa na kitu ambacho hata wenye kiwanda hawakioni, yaani programu ya ndani, ile isiyotangazwa popote na isiyouzwa kwa mteja yeyote. Ikiwa matengenezo tu yanaweza kuleta balaa la namna hiyo, kuing'oa programu nzima na kuweka nyingine ni jambo la kutisha zaidi.

Hata hivyo, viwanda vingi havina tena hiari. Februari 2020, kampuni ya SAP ya Ujerumani, ambayo programu zake huendesha maghala, uzalishaji na hesabu za viwanda vingi vikubwa duniani, ilitangaza kuwa matengenezo ya kawaida ya mfumo wake wa kizazi kilichopita, uitwao ECC, yatakoma mwishoni mwa mwaka 2027. Atakayetaka kuhudumiwa hadi mwaka 2030 atatozwa zaidi. Kwa mtu wa nje, miaka kumi tangu tangazo hilo ni mingi. Kwa meneja wa kiwanda chenye bidhaa maelfu na wateja mamia, ni michache.

Ikumbukwe kuwa mfumo wa zamani haubaki kiwandani kwa sababu ya uzembe wa wakubwa pekee, ingawa uzembe nao upo. Unabaki kwa sababu unafanya kazi. Aliyeuandika huenda alistaafu zamani, skrini yake ni ya herufi tupu, na kila kitu huingizwa kwa namba za siri ambazo mgeni huchukua miezi kuzikariri. Lakini mtunza stoo anazijua. Anajua pia kwamba sehemu iliyowekwa kwa ajili ya namba ya faksi ndimo huandikwa mteja anataka mzigo asubuhi au jioni, na kwamba bidhaa moja ina majina matatu kwa kuwa ilinunuliwa kwa wauzaji watatu. Pale programu inapoishia, yeye hufungua jedwali lake la Excel au daftari, na kazi inakwenda.

Ujuzi huo haumo katika mkataba wowote wa ununuzi wa programu. Wakubwa hawaujui, na muuzaji wa mfumo mpya hana namna ya kuujua asipoketi na mtunza stoo huyo. Hapo ndipo mabadiliko mengi huanguka, na mfano ulio wazi kuliko yote ni wa kampuni ya chokoleti ya Hershey, yenye makao yake jimboni Pennsylvania, Marekani.

Mwishoni mwa mwaka 1996, Hershey iliamua kuachana na programu zake za zamani. Sababu moja ilikuwa hofu iliyoikumba dunia yote wakati huo, kwamba kompyuta zilizozoea kuandika mwaka kwa tarakimu mbili zingechanganyikiwa ifikapo mwaka 2000. Mradi huo uligharimu dola za Marekani milioni 112. Ulihusisha programu za kampuni tatu tofauti: SAP, Manugistics na Siebel. Washauri walikadiria kazi hiyo ingechukua miezi 48, lakini uongozi ulitaka iishe kwa miezi 30.

Mfumo ulipangwa kuwashwa Aprili 1999, wakati biashara ya peremende huwa imetulia. Ukachelewa hadi Julai. Msomaji asiyeifahamu biashara hiyo anaweza kuuliza, miezi mitatu ina ubaya gani? Ubaya wake ni kwamba Julai ndipo maduka ya Marekani huanza kuagiza shehena za Halloween, sikukuu ya Oktoba 31 ambayo watoto hupita nyumba kwa nyumba wakipewa peremende, na baada yake hufuata Krismasi. Hershey iliwasha mfumo mpya, tena kwa sehemu zake zote kwa mpigo, siku ambazo haikuwa na nafasi ya kukosea.

Kilichofuata kilikuwa kama kichekesho, laiti kisingekuwa na hasara. Chokoleti zilikuwapo maghalani, lakini kompyuta haikuziona. Taarifa zilizochapishwa baadaye zilieleza kuwa, kwa miaka mingi, msimu wa sikukuu ulipokaribia wafanyakazi walikuwa wakihifadhi mzigo wa ziada katika vyumba vitupu na maeneo ya muda ambayo hayakuwa maghala rasmi. Kila aliyehusika aliyajua. Hakuna aliyeyaingiza katika mfumo mpya. Kwa kompyuta, mzigo usio na mahali haupo, na mzigo usiokuwapo hauwezi kupakiwa kwenye lori.

Septemba 1999, Mtendaji Mkuu wa wakati huo, Kenneth Wolfe, aliwaambia wachambuzi wa masoko ya hisa kuwa kampuni isingeweza kufikisha shehena ya Halloween yenye thamani ya dola milioni 100. Hisa zilishuka kwa zaidi ya asilimia nane siku hiyo. Faida ya robo ya tatu ya mwaka ilipungua kwa asilimia 19. Wenye maduka hawakusubiri, walijaza rafu zao kwa bidhaa za washindani.

Ni rahisi kuilaumu programu, na wapo waliofanya hivyo. Lakini mwaka 2002, Hershey hiyo hiyo ilihamia toleo jipya zaidi la SAP. Kwa mujibu wa taarifa za wakati huo, kazi ilimalizika katika muda wa chini ya mwaka mmoja, na bajeti ilibaki kwa takriban asilimia 20. Muuzaji alikuwa yule yule. Safari hii majaribio yalipewa muda wake, na sikukuu hazikuwa mlangoni.

Kwa wanaodhani hayo ni ya kale, kuna kampuni ya vipodozi ya Revlon. Februari 2018 iliwasha mfumo mpya katika kiwanda chake cha Oxford, jimbo la North Carolina, ambacho ndicho kilichokuwa kikitegemewa na soko la Amerika Kaskazini. Kiwanda kikashindwa kutimiza oda zenye thamani ya takriban dola milioni 64. Mwaka uliofuata wanahisa waliifungulia kampuni kesi. Miaka 19 ilikuwa imepita tangu mkasa wa Hershey.

Kwa nini kosa linarudiwa? Jibu moja ni nani huitwa mezani. Mradi wa namna hii huanza kwa wakurugenzi na wauzaji, kisha huja washauri wanaolipwa kwa siku. Mtumiaji hufikishiwa habari siku ya mafunzo, mambo yakiwa yamekwisha kuamuliwa. Anapogundua kuwa skrini mpya inamtaka abonyeze mara tisa kwa jambo lililokuwa likimchukua mara mbili, anarudi kwenye daftari lake. Uongozi huita hali hiyo ukaidi wa wafanyakazi. Mara nyingi ni uangalizi wa bure ambao kampuni ingeupata mapema kama ingeuliza.

Jibu la pili ni gharama ya uangalifu. Kuendesha mifumo miwili kwa pamoja, wa zamani na mpya, mpaka hesabu zao zilingane, ni kumlipa mtu kufanya kazi moja mara mbili. Kuanza na kiwanda kimoja kabla ya vingine ni kurefusha mradi. Kusafisha orodha ya bidhaa, ili kila kitu kiwe na jina moja, ni kazi ya kuchosha isiyomletea sifa meneja yeyote. Bajeti inapobana, hayo ndiyo huwa ya kwanza kukatwa.

Afrika Mashariki imefikiwa na suala hili kwa mlango mwingine, ule wa kodi. Nchini Tanzania, mashine za EFD zilianza kutumika mwaka 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa VAT. Nchini Kenya, Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka sharti kuwa kuanzia Januari 1, 2024, gharama za biashara zisizo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS hazikubaliki katika kukokotoa kodi ya mapato, isipokuwa zile zilizosamehewa. Programu ya ankara ambayo zamani ilikuwa siri ya kiwanda na mhasibu wake, sasa inapaswa kuzungumza na kompyuta za mamlaka ya mapato. Kiwanda kilichoandikiwa programu na kijana mmoja ambaye amekwisha kuhama nchi kitamtafuta nani?

Hershey yenyewe imepita tena njia hiyo. Aprili 2024 ilihamia mfumo mwingine mpya, miaka 25 baada ya ule wa Julai 1999. Mara hii wateja walijaza maghala yao kwanza, kwa mpango, kabla mfumo haujawashwa. Mauzo ya robo ya kwanza yalipanda kwa asilimia 8.9, kisha robo ya pili yakashuka kwa asilimia 16.7, sehemu ya anguko hilo ikitokana na shehena iliyokuwa imechukuliwa mapema. Kulikuwa bado na miezi sita kabla ya Halloween.