Vantilateri si taa



Hapa Kisangani joto halituachi hata usiku. Basi wengine, wakitaka upepo mdogo, wanafunga vantilateri kwenye kifungo cha kupunguza mwanga wa taa. Mimi sikubali. Moteri ikinyimwa umeme hunguruma, hushindwa kuzunguka, na nyuzi zake hupata moto mpaka zinaungua. Nilifunga kidole cha baba mmoja aliyesukuma bawa lililosimama: liliondoka ghafula. Tumieni vifungo vya vantilateri yenyewe, 1, 2, 3. Ile ya darini inunuliwe kifungo chake. Bei ni kali, najua. Ikinguruma bila kuzunguka, ng'oa kwanza waya ukutani, ndipo uiguse.