Kabla Hujasaini Mkopo wa Kusomea HR



Kijana wetu wa Kalama, barua ya KUCCPS imefika. Umeitwa kusomea shahada ya usimamizi wa rasilimali watu, ile sote tunaiita HR. Nyumbani mbuzi wa kuuza wameshachaguliwa, harambee imepangwa, na pale sokoni Kola kuna watu wameanza kukuita "meneja". Hongera, tena hongera sana. Sasa, kabla hujabonyeza kitufe cha kuomba mkopo, keti na mzazi wako, chukueni kalamu na karatasi.

Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, Al-Baqarah 282, inahusu deni na namna ya kuliandika. Deni si jambo la kuingia ukiwa umefumba macho.

Anza na gharama. Tangu 2023 ada ya chuo kikuu cha umma imegawanywa mafungu matatu: ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB, na sehemu ya familia. Kila fungu linategemea bendi utakayowekwa. Mfumo huu wenyewe umefika kortini. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema unakwenda kinyume na Katiba, na kesi ikaendelea kwenye rufaa. Kwa hivyo usitegemee hesabu ya binamu yako aliyesoma zamani. Soma barua yako wewe, fungu kwa fungu, kisha uzidishe kwa miaka 4.

Tuseme mkopo wako ukifika mwisho ni shilingi 240,000. Riba ya HELB kwa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka, yaani 9,600 kwa mwaka wa kwanza, au 800 kila mwezi. Ukilipa chini ya 800, deni halipungui, linakua. Ukilipa 4,000 kwa mwezi, hata riba tukiiweka kando, ni miezi 60. Miaka 5 mizima.

Sasa tazama upande wa mapato. Tuseme kazi ya kwanza inakupa 25,000. Bima ya afya ya SHIF inachukua asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, NSSF asilimia 6. Unabaki na kama 22,400. Toa ile 4,000 ya HELB, unabaki na 18,400. Hapo hujalipa kodi ya chumba Machakos mjini, hujapanda matatu, hujatuma kitu kwa mama. Inawezekana kuishi? Ndiyo, kwa kujibana. Lakini hiyo ni hesabu ya aliyepata kazi.

Asiyepata je? Sheria inataka uanze kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Ukinyamaza, faini ni 5,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 60,000, zaidi ya mara 6 ya ile riba tuliyopiga hapo juu. Wengi wanaolia na HELB wameumizwa na kunyamaza kuliko mkopo wenyewe. Na ukitafuta kazi ya serikali, unaweza kutakiwa cheti cha HELB, wewe bado unadaiwa. Kwa hivyo ukikosa kazi, usizime simu. Nenda uwaambie mapema, na mkubaliane chochote unachoweza.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hulijua wakiwa wameshamaliza. Shahada peke yake haitoshi kukufanya mtaalamu wa HR. Sheria ya 2012 ya wataalamu wa usimamizi wa rasilimali watu inataka usajiliwe na taasisi ya IHRM na uwe na cheti cha kufanya kazi hiyo. Kuna mitihani ya CHRP, kuna ada za kila mwaka. Hizo nazo ziingize kwenye karatasi yako tangu leo.

Je, tunakwambia usisome HR? Hapana. Tunahitaji vijana wetu kwenye ofisi hizo. Ndiko barua za kazi zinakochambuliwa, na ndiko dada aliyevaa hijabu anakokaribishwa au anakofungiwa mlango. Lakini njia si moja. Mwenye C+ anaweza kwenda shahada. Mwenye C- anaweza kuanza na diploma kwenye chuo cha kiufundi, ambako ada kwa kawaida ni nafuu, afanye kazi, kisha apande shahada akiwa na mshahara wake. Kuanza chini si aibu. Aibu ni kupata cheti kikubwa ukaogopa kupokea simu kwa sababu ya deni.

Na riba? Hili tuliseme wazi. Kuna Waislamu wanaoacha mkopo wa HELB kwa sababu ya riba, na wengine wanaochukua huku roho ikiwasuta. Kijana hapaswi kulazimishwa kuchagua kati ya dini yake na masomo yake. Kifungu cha 32 cha Katiba kinasema mtu asinyimwe haki kwa sababu ya dini yake, na cha 43 kinampa kila mtu haki ya elimu. Kudai mkopo usio na riba ni kudai haki, hatuombi hisani.

Tunapodai, na sisi tufanye letu. Omba basari ya NG-CDF na ya kaunti, tena omba mapema, usingoje siku ya mwisho. Ongea na sheikh wako kabla ya kusaini, si baada. Na kamati zetu za misikiti zikumbuke kwamba wenye madeni ni miongoni mwa makundi 8 ya zaka. Mwanafunzi anayekaribia kuacha chuo kwa kukosa ada, kwa nini asubiri mfadhili wa kutoka ng'ambo?

Wazee wa Ukambani walichimba makinga-maji kwa mwethya, kijiji kizima na majembe yao, wakati jua bado linawaka. Mvua ilipokuja ikakuta udongo umeshikwa. Karatasi yako ya hesabu ifanye leo, kabla ya saini. Ukimaliza, mtumie na mwenzako aliyepata barua mwaka huu.