Kihispania kwa Mlango wa Kiswahili

Msemaji wa Kiswahili anayeanza kujifunza Kihispania aghalabu hupewa kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza, naye hutwishwa mzigo usio wake. Katika vitabu hivyo *hablé* na *hablaba* huweza kufasiriwa kwa neno moja, kisha hufuata kurasa nyingi za kueleza tofauti iliyopotea. Tofauti hiyo mwanafunzi anayo tayari: *nilisema* na *nilikuwa nikisema*.

Hata mtenda hukaa ndani ya kitenzi katika lugha zote mbili, ila Kiswahili humtanguliza na Kihispania humweka mwishoni: *nasema*, *hablo*. Anayerudia *yo* katika kila sentensi ameambukizwa na Kiingereza.

Utazame usimulizi. *Nilikwenda sokoni, nikanunua mkate, nikarudi*: *Fui al mercado, compré pan y volví*. Palipo na *-ka-* pana njeo ya *hablé*. Lakini *mvua ilikuwa ikinyesha nilipotoka* ni *llovía cuando salí*, kwani kunyesha kulikuwa hakujakoma.

*Amefika* ni *ha llegado*. Andrés Bello, katika sarufi yake ya mwaka 1847, aliiita njeo hii *antepresente*, yaani iliyo kabla ya sasa. Jina hilo lingeifaa *-me-* pia. Hata hivyo hapana budi kuonya: anayekoroma kitandani *amelala*, lakini kwa Kihispania *está dormido*, wala si *ha dormido*. Aidha, aliyekula leo mjini Madrid kwa kawaida husema *he comido*, na wa Mexico *comí*. Kitabu kinachonyamazia jambo hili humdanganya msomaji.

Ulinganishi hauna taabu kubwa. *Más alto que* ni *mrefu kuliko*. Mbele ya hesabu Kihispania hugeuka kuwa *más de diez*, kama vile Kiswahili kisemavyo *zaidi ya kumi*. *Mejor* na *peor* ni ya kukariri tu.

Kihispania ni lugha rasmi ya nchi ya Kiafrika, Guinea ya Ikweta, licha ya Cuba na sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini. Yawapasa basi walimu wa lugha waandike sarufi ya Kihispania kwa Kiswahili, na mpangilio wake usiigwe. Vitabu vya Kiingereza huiahirisha dhamira tegemezi kama mnyama mkali. Mtoto wa Kiswahili angeipata mwezi wa kwanza: *quiero que venga*, nataka aje.