Mteja wa Kwanza wa Alizeti Yetu Awe Mkulima Mwenyewe



Kila msimu wa mavuno malalamiko ni yale yale: bei ya alizeti imeshuka, mafuta ya nje yamejaa sokoni, serikali ituangalie. Malalamiko hayo yana ukweli. Ila nikipita majumbani kwa hao hao wanaolalamika, jikoni nakuta dumu la mafuta ya mawese yaliyotoka Malaysia au Indonesia. Jamani, tunataka mtu wa Dar es Salaam anunue alizeti yetu, wakati sisi tunaoishi jirani na mashine ya kukamulia hatuinunui?

Msimamo wangu ni huu: soko la ndani lianzie kwetu, na tulijenge kwa hesabu, siyo kwa kuombana huruma.

Haya, tupige hesabu. Gunia la alizeti la kilo 65 likikamuliwa vizuri linatoa takribani lita 15 hadi 20, kutegemea mbegu na mashine. Mbegu chotara hutoa mafuta mengi kuliko Record tuliyoizoea. Kinachobaki ni mashudu, na mashudu ndiyo protini ya kuku na ng'ombe wetu. Dumu la nje linakuja na mafuta tu. Kwa hiyo mashine za Singida na Dodoma zikikosa kazi, mfugaji naye anaumia, maana mashudu yanaadimika na chakula cha kuku kinapanda bei. Ukinunua mafuta ya hapa, hela hiyo hiyo inapita kwa mkulima, mwenye mashine, mbeba magunia na mfugaji kabla haijatoka wilayani.

Najua utaniambia, "Bwana shamba, ya nje ni nafuu." Kuna wakati ni kweli, na mwenye kipato kidogo simlaumu. Lakini unafuu huo hatuushiki sisi. Mwishoni mwa Aprili 2022 Indonesia ilizuia kwa wiki kadhaa kuuza mafuta ya mawese nje, wakati bei ilikuwa juu tayari kwa sababu ya vita vya Ukraine. Wote tunakumbuka tulivyokuwa tunapimiwa mafuta kwa kijiko. Bei ile iliwavuta vijana wengi kulima alizeti. Mwaka 2023 bei ikaanguka, wengi wakavunjika moyo. Mkulima akiacha alizeti na mashine ikafungwa, siku meli ikichelewa tena tutakamua nini?

Sasa tuje upande wetu, maana mteja hana deni na sisi. Akinunua dumu letu mara moja akakuta mafuta yana harufu, harudi, na atawaambia majirani. Mambo manne yako mikononi mwetu:

1. Kausha na upete mbegu kabla ya kuhifadhi. Mbegu yenye unyevu huota ukungu na kuharibu mafuta.

2. Acha mafuta yatulie, chuja vizuri, funga, weka kivulini. Zile chupa tunazopanga juani pembeni ya barabara kuu zinapendeza kwa rangi, lakini mwanga na joto vinayachachusha mafuta haraka.

3. Lita tano iwe lita tano. Tunapiga kelele kuhusu lumbesa tunapouza mazao, halafu na sisi tupunje kwenye dumu? Haifai.

4. Usikamue mbegu zote kwa mkupuo mmoja. Mbegu kavu inatunzika kuliko mafuta. Kamua kidogo kidogo ili mteja wako apate mafuta hata Januari, siyo wakati wa mavuno tu.

Hili la nne ndilo linalotuangusha zaidi. Shule, mama lishe na hoteli hawakatai mafuta ya nyumbani. Wanachotaka ni uhakika wa kupata dumu kila wiki, ubora ule ule. Mkulima mmoja mwenye magunia kumi hawezi. Vijana kumi mkiweka mbegu ghala moja, mkakubaliana na mwenye mashine mmoja, mnaweza. Mkifika hapo, nendeni SIDO mpate ushauri wa usindikaji na vifungashio, na mfuatilie alama ya ubora ya TBS, kwa sababu maduka makubwa ya mjini hayatawapokea bila hiyo.

Serikali tuendelee kuidai ushuru unaomlinda mkulima. Hiyo ni haki yetu. Ila tukienda kudai, twende tukiwa tunakula tunachokilima.

Kwa kuanzia, dumu lililoko jikoni kwako likiisha, jaza la alizeti kutoka mashine ya jirani. Ukikuta ubora haukuridhishi, mwambie mwenye mashine ana kwa ana arekebishe. Yeye yuko karibu, unaweza kumfuata. Wa ng'ambo utampata wapi?