Madini ya simu yanatoka Masisi na Walikale, mtandao haurudi

Koltani inachimbwa Rubaya, wilayani Masisi. Kasiteriti inachimbwa Bisie, wilayani Walikale. Kwenye koltani hutolewa tantali, inayotengenezea vifaa vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu na kompyuta. Kwenye kasiteriti hutolewa bati, linaloyeyushwa ili kuunganisha vipande vya umeme vya simu pamoja. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanakadiria kwamba Rubaya peke yake hutoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia. Mgodi wa Bisie, unaoendeshwa na kampuni ya Alphamin, hutoa karibu asilimia 6 ya bati lote duniani. Na bado katika vijiji vingi vya wilaya hizo mbili, mtu anayetaka kumpigia ndugu yake hupanda kilima kutafuta rezo, akiwa na simu aliyoichaji kwa kulipa kwa jirani mwenye paneli ya jua.

Wapo wanaoona kwamba, kwa watu wanaokimbia risasi, mtandao ni anasa. Hatukubaliani nao. Mkaaji wa Nyabiondo au Mweso anahitaji kujua leo kama njia ya kwenda Sake iko salama, si keshokutwa. M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango, na pesa za kwenye simu ndizo zilizobaki zikizunguka. Muuza maharage aliuza kwa simu, na ndugu walio mbali walituma msaada kwa simu. Hata matokeo ya mtihani wa taifa, wanafunzi wetu wamezoea kuyapata kwa simu. Penye rezo, aliyekimbia hupata angalau kitu cha kuanzia. Pasipo na rezo hubaki akingoja mpita njia mwenye habari.

Rezo peke yake haitoshi. Ili kusajili laini unahitaji kitambulisho, na kwa Wakongomani wengi kitambulisho ni kadi ya mpiga kura. Uchaguzi wa Desemba 2023 haukufanyika Masisi wala Rutshuru kwa sababu ya vita. Kijana wa huko aliyetimiza umri baada ya hapo, kadi ataitoa wapi? Hutumia laini iliyoandikishwa kwa jina la mtu mwingine, na pesa zikiingia, mbele ya kampuni ya simu si zake.

Jibu tunalolisikia kila mara kutoka Kinshasa ni kwamba amani ije kwanza, minara itafuata. Lingekuwa jibu zuri kama madini nayo yangengoja amani. Hayakungoja. Wakubwa wa Walikale wanakumbuka miaka ile ambayo barabara ya kwenda Goma haikupitika, ndege ndogo zikatua juu ya lami ya barabara kuu pale Kilambo ili kupakia kasiteriti ya Bisie. Hapakuwa na kiwanja, na vita vilikuwepo, lakini mzigo ulitoka. Machi 2025 Alphamin ilisimamisha kazi Bisie M23 walipokaribia, wakauchukua mji wa Walikale. Waasi walipoondoka mwanzoni mwa Aprili, mwezi huohuo mgodi ukaanza tena. Panapokuwa na faida, njia hupatikana katikati ya vita. Tunachouliza ni kwa nini mnara wa simu wa Pinga uwe na masharti ambayo gunia la bati halina.

Teknolojia ya habari imefika migodini, lakini imefika kwa ajili ya gunia. Baada ya sheria ya Marekani ya mwaka 2010 kuhusu madini ya vita, magunia ya Kivu yalianza kufungwa lebo zenye namba, na namba hizo zikaingizwa kwenye kompyuta ili mnunuzi wa mbali ajue mzigo umetoka wapi. Gunia lilipata utambulisho kabla ya kreseri aliyelijaza. Na hata hilo halikusimama: M23 waliichukua Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaandika kwamba koltani yake ilivushwa hadi Rwanda na kuchanganywa na ya huko, huku waasi wakikusanya angalau dola 800,000 kwa mwezi katika ushuru. Desemba 2024 serikali yetu iliyashtaki matawi ya Apple nchini Ufaransa na Ubelgiji. Apple imekanusha tuhuma hizo. Ni haki ya serikali kumuuliza mnunuzi. Nasi tuna haki ya kuiuliza serikali.

Tuanze na pesa zilizokwisha kulipwa. Kuanzia mwaka 2020 kila mwenye simu nchini alikatwa inite zake kwa ajili ya kodi iliyoitwa RAM: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya 3G au 4G. Wabunge wenyewe walipiga kelele, na mwaka 2022 ikafutwa. Wananchi wa Masisi na Walikale nao walikatwa. Wameonyeshwa nini?

Halafu kuna mrabaha. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inasema asilimia 25 iende mkoani na asilimia 15 iende kwa chombo cha msingi ambako mgodi uko, yaani sekta au chiferi. Kwa Bisie hiyo ni sekta ya Wanianga. Juu ya hapo kampuni hutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Kuna pia mfuko wa huduma kwa wote, uliowekwa na sheria ya mawasiliano ya Novemba 2020 kwa ajili ya sehemu ambazo kampuni za simu hazioni faida. Walikale ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, misitu na mito; kama sehemu hiyo haistahili mfuko huo, sijui ni ipi inayostahili. Hesabu hizo zibandikwe ukutani kwenye ofisi ya sekta, zisomwe redioni kwa Kinyanga na Kiswahili, ili mwananchi aone mnara wake ulikwama wapi.

Hatusemi simu huleta heri tupu. Sauti ya dakika mbili kwenye WhatsApp, isiyojulikana imerekodiwa na nani, inaweza kuwafanya majirani Wahutu, Watutsi, Wahunde na Wanyanga waogopane usiku mmoja. Machi 2025 M23 walitangaza kuondoka Walikale; ujumbe ukazunguka Goma, Kinshasa na Brussels kwamba mji uko huru, wakati waliokuwa mjini bado waliwaona wapiganaji mitaani. Aliyerudi nyumbani kwa kuamini tangazo alihatarisha maisha yake. Dawa ya hili ni redio za jamii, zenye watangazaji wanaojua kila kijiji kwa jina, na ambazo mkulima asiye na simu huzisikia. Redio hizo zinahitaji umeme wa jua na laini ya kupigia mashahidi, na gharama yake ni ndogo kuliko ya mnara mmoja.

Mkataba uliosainiwa Washington tarehe 27 Juni 2025 kati ya Kongo na Rwanda umeyaingiza madini katika mpango wa amani. Wawekezaji watafuata, na watadai barabara, umeme na ulinzi wa mzigo wao. Wajumbe wetu wadai kwa maandishi minara inayotumia jua kwa vijiji vinavyozunguka Rubaya na Bisie, na ahadi ya kila mwenye silaha kwamba mnara hautazimwa wala kuporwa. Na kabla ya mkataba wowote mpya wa kuchimba kusainiwa, gavana wa mkoa aeleze hadharani fungu la Wanianga limefanya nini hadi leo.