Marapa bora wa nyakati zote: wale waliofungua njia wanakaa wapi?

Kila mara orodha mpya ya "marapa bora wa nyakati zote" inapotoka, mabishano yanaanza upya. Yanaanzia kwenye simu, yanaendelea kwenye parkingi ya motari, kwa kinyozi, ao mbele ya kile kibanda ambako vijana wanapeleka kadi ya simu ili watiliwe nyimbo. Huyu anasema Jay-Z, mwingine anasema Tupac, wa tatu anauliza juu ya nini hakuna Mkongomani hata mmoja. Lakini swali moja haliulizwi sana: wale walioanza, wakati hakuna aliyejua kama rap itadumu, wanapewa haki yao?

Sisi tunaona hapana. Na sababu si roho mbaya ya wale wanaoandika orodha. Sababu ni namna ya kupima.

Tuanze kule ilikotokea. Mwaka 2023, hip-hop ilipotimiza miaka 50, magazeti mawili ya Marekani, Billboard na Vibe, yalitoa orodha ya marapa 50. Wa kwanza alikuwa Jay-Z. Kati ya vipimo vyao kulikuwa uandishi na namna ya kutiririsha maneno, lakini pia nyimbo ngapi ziliingia kwenye chati, diski ngapi ziliuzwa, na miaka mingapi msanii alibaki juu. Vipimo vizuri, utasema. Ila angalia tarehe. Watu wanahesabu kwamba hip-hop ilizaliwa tarehe 11 Agosti 1973, kwenye sherehe ya DJ Kool Herc katika mtaa wa Bronx, New York. Chati ya rap ya Billboard ilianza 1989. Zawadi ya kwanza ya Grammy kwa rap ilitolewa pia 1989. Miaka 16 yote ile, hakuna aliyekuwa anahesabu! Utampa alama gani mtu ambaye alifanya kazi yake kabla ya mizani kununuliwa?

Coke La Rock, ambaye wengi wanamtaja kuwa mtu wa kwanza kushika mikrofoni pembeni ya Kool Herc, hakujulikana kwa diski. Alikuwa anachangamsha watu usiku, asubuhi maneno yanaisha. Kesi ya Grandmaster Caz ni ya kuumiza zaidi. Mwaka 1979 kundi la Sugarhill Gang lilitoa "Rapper's Delight", wimbo uliopeleka rap dunia nzima. Sehemu ya mashairi aliyoimba Big Bank Hank ilitoka kwenye daftari la Caz. Hank hakubadilisha hata jina la kisanii la Caz, likabaki humo humo ndani ya wimbo. Lakini pale panapoandikwa watunzi, Caz hakuandikwa. Sasa mtu akifanya orodha kwa kuangalia nani ameandikwa wapi, Caz anaanguka mara mbili: aliibiwa, halafu anahesabiwa kama ambaye hakuwa na kitu. Kool Herc mwenyewe aliingizwa kwenye nyumba ya heshima ya Rock and Roll mwaka 2023. Nusu karne nzima alikuwa anangoja.

Kuna wanaopinga, na hoja yao ina uzito. Wanasema kuwa wa kwanza si kuwa bora. Aliyepasua njia ya kwanza kwa panga porini si lazima awe ndiye dereva bora wa lori. Ni kweli. Ukisikiliza rap za mwisho wa miaka ya 1970 na ukamsikiliza Rakim wa mwaka 1987, unaona kabisa kazi imebadilika. Hatuombi mwanzilishi apewe nafasi ya kwanza kama zawadi ya uzee. Tunachosema ni hiki: kama orodha inasema inapima "ushawishi", basi ipime kweli nani alifanya wengine waweze, si nani alifika wakati soko limeshafunguliwa.

Turudi upande wetu wa Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule Dar es Salaam, Saleh Jabir alichukua mdundo wa Vanilla Ice akatia juu yake maneno ya Kiswahili. Leo kijana anaweza kucheka: mdundo wa mwenzake! Lakini kabla ya hapo wengi waliamini rap ni kitu cha Kiingereza tu. Kundi la Kwanza Unit likafuata mwaka 1993. Kisha Mr. II, ambaye watu wanamuita Sugu. Nairobi, mwisho wa miaka ile, vijana watatu wa Dandora, Kalamashaka, wakalazimisha redio za Kenya kucheza rap ya Kiswahili yenye kusema maisha ya mtaa. Kwetu vitu vile vilikuwa vinafikaka kwa kaseti na CD zilizopitia Goma, zimekopiwa mpaka sauti imechoka.

Leo orodha za Afrika Mashariki zinapangwa sana kwa kuangalia YouTube. YouTube ilizaliwa 2005. Kalamashaka walikuwa wameshafanya kazi yao kubwa. Sugu na Professor Jay heshima yao imebaki pia kwa sababu waliingia bungeni, mmoja mwaka 2010, mwingine 2015. Ni ajabu kidogo: rapa anahitaji kuwa mbunge ndiyo akumbukwe?

Congo yetu ina dawa ya ugonjwa huu, ila inaitumia kwa rumba tu. Muulize mzee yeyote wa rumba, atakutajia Wendo na "Marie-Louise" ya mwaka 1948 bila kufikiri mara mbili, na hatakubali umpite. Desemba 2021 UNESCO iliingiza rumba katika urithi wa binadamu. Kwa rap, akina Bawuta Kin na Lexxus Legal wa Kinshasa wanatajwa na wachache wanaofuatilia. Na ukitoka Kinshasa, giza. Orodha za taifa zinaandikwa kule, kwa masikio ya Kifaransa na Kilingala. Rap ya Kiswahili ya Lubumbashi, Bukavu na Goma inapewa mstari mmoja wa mwisho, kama inapewa.

Sasa fikiria Masisi na Walikale. Hapa msanii wa kwanza wa senta hakuwa na chati wala YouTube. Alikuwa na paneli ya jua, simu, labda safari ya kushuka Goma kurekodi, na redio ya jamii iliyokubali kumpigia wimbo kati ya matangazo ya vifo na habari ya masomo. Kumbukumbu yake yote ilikuwa kwenye kompyuta moja ya redio na kwenye kadi za simu za watu. Kisha vita. Masisi-centre iliingiwa Januari 2025, Walikale-centre mwezi wa tatu. Redio kadhaa za jimbo ziliporwa ao zikanyamaza. Watu walikimbia na godoro na sufuria. Nani angebeba kompyuta ya nyimbo? Delcat Idengo, aliyeuawa Goma Februari 2025, nyimbo zake ziko mpaka leo kwa simu nyingi, kwa sababu aliimba wakati kila mtu ana simu. Waliotangulia miaka kumi ao ishirini hawana bahati hiyo.

Na tusidhani kusahau ni lazima. Mwaka 1956, huko kwa Wanyanga wa Walikale, mzee Candi Rureke alisimulia, akaimba na kucheza hadithi ya Mwindo kwa siku 12, huku ikiandikwa. Kitabu cha Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene kilitoka 1969, na jina la Rureke limo, si Mwindo peke yake. Wasimulizi wengine wa wakati ule, pengine hodari kumupita, wapi majina yao? Tofauti ni kwamba kwake yeye kuna mtu aliyekuja na karatasi, akauliza: unaitwa nani, na ulijifunza wapi.

Swali hilo redio zetu zinaweza kuliuliza bila kungoja mfadhili. Rapa akija studio, kabla ya kupiga wimbo wake mpya, aseme ni nani alimsikia wa kwanza kurap katika senta yao, mwaka gani, kwa lugha gani. Sauti ihifadhiwe sehemu mbili, moja iwe mbali na redio. Na wewe msomaji, kama una kaseti, CD ao kadi ya zamani yenye wimbo wa kijana wa Nyabiondo, Kitshanga, Pinga, Mubi ama Itebero, hata kama haichezi vizuri, ipeleke kwa redio iliyo karibu. Ikopiwe, jina liandikwe, kisha urudishiwe kadi yako.